Kimya cha Dakika Sitini na Tano

Kidole cha pili kilivunjika saa tatu na nusu asubuhi. Koleo alikisikia akiwa bado kwenye korido: mlio mmoja mkavu, kama kijiti kilichokanyagwa, kisha mguno wa mwanamume aliyekataa kulia. Aliusukuma mlango wa chumba cha mahojiano kwa bega.

Sajenti alikuwa ameubana mkono wa kulia wa mpiga ngoma kwenye droo ya meza ya chuma. Goti lake lilikuwa limeiegemea droo.

"Fungua," Koleo alisema.

"Afande, anakaribia kusema."

"Fungua droo."

Sajenti alifungua polepole, kama mtu anayenyang'anywa sahani kabla hajashiba. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimeelekea upande ambao vidole haviendi.

"Mkuu wa kituo analitaka jalada mahakamani saa nane mchana, na maelezo ya kukiri yakiwa ndani," Sajenti alisema. "Sikujitungia. Huyu alisema mbele ya watu kwamba atampasua shemeji yake kichwa. Siku ya nne shemeji yake kapasuliwa kichwa, na yeye katoka mle studio na damu mpaka viwikoni. Sasa tunangoja nini, marehemu aje atoe ushahidi?"

"Asiguswe mpaka nirudi."

"Na ukirudi saa nane imepita?"

Inspekta huyo mwanamke alibatizwa jina la Koleo na askari wenzake kwa sababu akishauma haachii. Alimwinamia mpiga ngoma.

"Ulipomshika, damu ilikuwaje?"

"Nzito, Afande. Imeshikana, kama uji uliopoa. Nilimwinua kichwa, ikaning'ang'ania." Alimwelekezea Sajenti kidevu. "Nimemwambia huyu mara tatu. Kila nikimwambia, ananizaba."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na robo. Gitaa la shemeji lilikuwa limenyamaza kama dakika kumi hivi, nikasema nimfuate tuyamalize. Alimpiga dada yangu, Afande, ni kweli nilitukana. Lakini sikumgusa." Aliutazama mkono wake uliokuwa ukivimba mezani. "Mikono ndiyo shamba langu. Mwambie avunje mguu."

Shati la mpiga ngoma lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo, chumba cha pili. Koleo alikuwa amelitazama jana na asubuhi hii tena. Halikuwa na tone hata moja lililoruka. Damu yote ilikuwa imepakwa, na kwenye pindo la mkono wa kulia kulikuwa na mapande meusi yaliyogandia kitambaa. Mtu aliyepigwa dakika tano zilizopita hana damu ya mapande.

Nje ya lango, mjane wa marehemu alikuwa amekaa juu ya tofali. Alisimama alipomwona.

"Afande, aliyekufa ni mume wangu, aliye ndani ni kaka yangu. Mkikosea mtakuwa mmenizikia wawili kwa maiti mmoja."

"Mumeo alikupiga?"

"Mume wangu alikuwa na mkono mwepesi. Kaka yangu ana mdomo mwepesi. Mwenye mdomo haui." Akakaa tena.

*

Studio ilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, ukuta kwa ukuta. Mchomeleaji aliinua miwani yake myeusi akaacha mafuta kwenye paji la uso.

"Nimeshaandikisha maelezo, mama. Gitaa lilianza saa tisa kasorobo, likapiga mpaka saa tisa na dakika tano. Nasikia hata ukinifunga masikio. Ukuta wenyewe huu ni karatasi."

"Na saa saba?"

"Saa saba kasorobo mpaka saa nane nakula. Nafunga, naenda kwangu. Dunia nzima inajua."

"Fundi Waya anajua?"

"Ndiye anayenitania kwamba mke wangu amenifunga kengele." Alicheka kidogo, akaacha. Fundi Waya ndiye aliyekuwa mtaalamu wa mitambo ya studio, na siku ya kifo alikuwa hapa hapa karakana. "Siku ile alikuja saa nane u nusu, na bawaba ya geti. Akakaa kwenye hilo debe. Gitaa lilipoanza akaniambia, sikia jamaa anavyoteremka."

"Alikuwa anafanya nini lilipoanza?"

Mchomeleaji alifikiri. "Alitazama saa."

"Watu hutazama saa."

"Hutazama. Ila yeye aliitazama, halafu ndipo likaanza."

Koleo aliandika sentensi hiyo neno kwa neno, akamwomba aweke sahihi chini yake.

*

Fundi Waya alikuwa amefika studio kabla ya muda alioitiwa, ananukia sabuni, shati limepigwa pasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu vilivyokakamaa na kujikunja, kama kucha za kuku aliyechinjwa. Koleo alimwacha konstebo wa zamu nje, akakata utepe wa polisi, wakaingia. Mlango wa ndani ulikuwa mnene, umeshonewa sponji pande zote mbili. Ulipojifunga, kelele za nje zilikatika; ukutani ulibaki mdundo wa karakana tu.

Zulia lilikuwa na doa jeusi pana kama sinia. Gitaa lilikuwa kwenye stendi yake. Wataalamu wa alama za vidole walikuwa wamelimaliza wakalirudisha hapo. Kompyuta ilikuwa inawaka bado. Kwa Sajenti ilikuwa televisheni isiyo na picha, kwa hiyo hakuna aliyeigusa.

"Niizime kwanza," Fundi Waya alisema, tayari ameinyooshea mkono. "Imekaa siku mbili inachemka. Itaungua, mama."

"Iungue. Kaa."

Alikaa.

"Nieleze hizi nyaya," Koleo alisema. "Kama unamweleza mtoto wa darasa la pili."

Hapo uso wa fundi ulifunguka. Alinyanyua kebo moja ya akiba, yenye ncha ya duara na pini tano ndani.

"Hii ni midi. Watu wote hukosea hapa, hudhani inabeba sauti. Haibebi sauti hata kidogo. Inabeba amri." Alionyesha kipande chembamba cheusi kilichobandikwa chini ya nyuzi za gitaa. "Hiki kina macho sita, kila uzi na jicho lake. Ukigusa uzi wa tatu, kinapeleka habari: uzi wa tatu, noti hii, nguvu kiasi hiki. Nguvu inaanzia moja mpaka mia moja ishirini na saba. Amri inafika kwenye kisanduku hiki. Kisanduku ndicho chenye sauti. Kinaweza kukupa gitaa, filimbi, kinanda, unachotaka. Huu ubao wa miguu hapa chini unakanyaga tu, sauti inabadilika."

"Na kompyuta?"

"Kisanduku kinaipitishia kila amri, nayo inaandika. Baadaye ukitaka, kompyuta inairudisha amri ile ile, kisanduku kinaipiga upya. Hakiulizi amri imetoka kwa nani."

"Kama Sajenti wangu."

Fundi alicheka kwa sauti. "Haswa."

"Nani aliunga?"

"Mimi. Kila pini. Yule bwana, Mungu amrehemu, hakujua tundu la kuingilia na la kutokea. Alichomeka kama mlevi anayetafuta kitasa."

"Na kompyuta ikirudisha amri kwenye kisanduku, kisanduku kinaipitisha tena kwenye kompyuta?"

Fundi aliirudisha kebo mezani. "Kinapitisha. Inazunguka. Ndiyo maana lazima awepo mtu anayejua."

Koleo alivuta kiti karibu na skrini. "Siku ile kuna rekodi mbili. Ya kwanza imeanza saa sita na dakika hamsini na mbili. Ya pili saa saba na dakika arobaini."

"Alifanya mazoezi mara mbili."

"Ya pili ina dakika themanini na tano. Dakika sitini na tano za mwanzo hazina kitu. Halafu noti zinaanza saa tisa kasorobo kamili. Nani anarekodi kimya cha saa nzima na ushei?"

"Aliwasha, akasinzia, akaamka akapiga. Wasanii hao."

"Inawezekana," Koleo alisema, akaandika. Fundi alishusha mabega. "Sasa nipigie zote mbili kwa pamoja. Noti ya kwanza ya hii ianze na noti ya kwanza ya ile."

"Itakuwa kelele tupu."

"Napenda kelele."

Fundi alisogea kwenye kibodi. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi haraka. Mistari miwili ya vijisanduku vya rangi ikapangwa, mmoja chini ya mwingine. Kabla hajaanza, kidole kilirudi nyuma, kikagusa kitu mara moja.

"Umeisogeza ya chini," Koleo alisema. "Irudishe."

"Sijasogeza."

"Kwa unene wa unywele. Irudishe."

Aliirudisha. Kisha akabonyeza mara mbili, na kwenye kona ya skrini ikawaka taa nyekundu.

"Hiyo nyekundu ni ya nini?"

"Kurekodi." Alishangaa mwenyewe. "Mazoea tu. Ni sheria ya hapa: hakuna kinachopigwa bila kurekodiwa. Niliwafundisha wote. Mkono unabonyeza kucheza, unabonyeza na nyekundu."

"Iache hivyo hivyo."

Gitaa likatoka kwenye spika. Lilikuwa moja. Koleo alingojea magitaa mawili yagongane na kupishana kama watu wawili wanaopita mlango mmoja. Hayakupishana popote. Kila noti ilitua juu ya mwenzake, nguvu kwa nguvu, pumzi kwa pumzi. Hata pale mpigaji alipoteleza akagusa uzi asioutaka, aliteleza mara zote mbili pale pale.

"Wewe uliwahi kupiga gitaa," Koleo alisema juu ya muziki.

"Zamani."

"Mara ngapi maishani ulipiga wimbo mara mbili ukakosea pale pale, kwa nguvu ile ile?"

Fundi alitazama mlango.

"Sauti ya pili ni kompyuta," Koleo aliendelea. "Mtu aliichukua rekodi ya mwanzo, akaikata mwisho, akaiwekea kimya mbele, akabonyeza saa saba na dakika arobaini, akatoka. Alikuwa na saa nzima na zaidi ya kutafuta bawaba mbovu na kwenda kukaa kwenye debe. Lakini mkono wake ulibonyeza na nyekundu. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Kompyuta ikaandika kazi yake yote, kuanzia kimya."

"Nyamaza tusikie," Fundi alisema. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye kibodi kusimamisha. Koleo aliubana mezani kwa kiganja chake.

"Ndiyo. Tusikie mwisho."

Mstari wa pili ukaisha. Wa kwanza ukaendelea peke yake. Mpigaji alikanyaga ubao wa miguu, na sauti ya gitaa ikageuka kinanda cha kanisa, kirefu na cha upole. Noti nane. Ya tisa ikakatika.

Kisha nyuzi zote sita zikalia kwa pamoja, nguvu mia moja ishirini na saba. Kinanda kikajaa chumba. Mwili ulikuwa umeangukia gitaa.

Zikalia tena. Kimya. Zikalia tena. Kimya kirefu kidogo, kama mtu anayejipanga vizuri. Zikalia mara ya nne.

Saa ya kwenye skrini ilisoma 13:12, yaani saa saba na dakika kumi na mbili.

"Daktari ameandika mapigo manne," Koleo alisema. "Kwa kitu cha chuma, cha duara, kizito. Kitako cha stendi ya maikrofoni. Tulikuta kimoja kimeoshwa. Hii rekodi ya kwanza ulitaka kuja kuifuta baadaye, ukakuta muhuri wetu mlangoni."

Fundi Waya alivuta mkono wake kwa ghafla, kiti kikaanguka, na ile kebo ya midi ikapita juu ya kichwa cha Koleo na kukaza shingoni. Goti likamchoma mgongoni. Alimbwaga kifudifudi juu ya lile doa la zulia akamkalia.

"Miaka kumi," alisema sikioni mwake, anahema. "Alinifungia mlango wa gari kwenye vidole, akacheka. Akadhani ni mchezo. Nikamfanyia muziki miaka kumi na mkono mmoja. Zile noti zote ni zangu, mimi ndiye niliyeziandika humu, yeye alikuwa anajifunza kwa kompyuta kama kasuku. Juzi namwambia hapa umekosea, rudia. Ananiambia, ungekuwa na vidole ningekusikiliza."

Kebo ilikuwa imezama. Chumba kilianza kuwa chekundu pembezoni. Koleo aliacha kuvuta kebo. Alipapasa nyuma mpaka akaupata mkono wa kushoto, ule uliokuwa umejizungushia waya kwa sababu haukuweza kuushika, akavifunua vile vidole vitatu kwa nguvu zake zote. Vilifunguka kwa mlio aliokwisha kuusikia asubuhi.

Fundi alipiga yowe, kebo ikalegea. Koleo alijiviringisha, akaishika shingo ya gitaa kwenye stendi, akalizungusha akiwa bado amepiga magoti. Ubavu wa gitaa ulimkuta fundi kwenye taya. Nyuzi sita zililia pamoja, na spika zikanguruma kwa sauti ya kinanda cha kanisa. Meno mawili yaliruka yakagonga kompyuta. Fundi akaanguka juu ya ubao wa miguu, uso chini, na hakuinuka.

Koleo alimfunga pingu kwenye mguu wa meza. Akakohoa mpaka akatema damu. Konstebo alikuwa hatua sita nje, anachezea simu. Sponji ilikuwa imefanya kazi yake.

Kwenye skrini, taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Kulikuwa na rekodi ya tatu. Mwisho wake, saa sita na dakika thelathini na moja mchana: nyuzi sita, nguvu mia moja ishirini na saba, mara moja.

Koleo alibonyeza kusimamisha, akamwita konstebo aje kushuhudia nakala.

*

Alifika kituoni saa saba na dakika ishirini, shingo ina mstari wa zambarau. Mjane alisimama kwenye tofali lake, akauona mstari ule, akamfuata mpaka koridoni.

Sajenti alimpokea kwenye korido na karatasi mbili.

"Amekiri, Afande. Kaandika mwenyewe, kaweka sahihi. Mkuu ameshasoma."

Koleo alisoma akiwa amesimama. *Nilimvamia shemeji yangu saa tisa na robo nikampiga kwa chuma mara moja.* Maandishi yalikuwa mazuri. Herufi zimesimama wima, nafasi sawa, kama gwaride.

"Mara moja," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

Chumba cha mahojiano kilikuwa wazi. Mpiga ngoma alikuwa amelaza kichwa mezani. Mkono wa kulia ulikuwa kama andazi lililoumuka, vidole vinne sasa, si viwili, kila kimoja na njia yake. Koleo alimfungua pingu. Mkono wa kushoto ukaanguka pajani.

"Unaandika kwa mkono upi?" alimuuliza.

"Wa kulia, Afande."

"Umeandika leo?"

Mpiga ngoma aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limefunga. "Na nini?" alisema.

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Koleo aliweka mezani nakala ya rekodi, maelezo ya mchomeleaji, ripoti ya daktari. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya karatasi tupu, akaisogeza mbele ya Sajenti.

"Andika jina la mpiga ngoma. Kamili. Nataka kuona mwandiko."

Sajenti aliitazama kalamu. Akamtazama Mkuu wa kituo.

"Mimi nilipewa amri, Afande."

"Najua," Koleo alisema. "Andika na jina la aliyekupa."

Mlangoni, kikombe kiligonga sahani yake mara moja. Mkuu wa kituo alirudi hatua moja nyuma, kisha ya pili, akauvuta mlango taratibu. Mjane alikuwa tayari ameingiza mguu wake katikati.